Maji Ndani ya Dizeli

Kaka yangu alikufa akiamini kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeiua injini ya pikapu yake. Haikuwa hivyo. Niliiua mimi, na nilijua tangu siku ile ile. Kwa muda mrefu watu wa Kawangware waliisimulia habari yake vibaya, na waliisimulia vibaya kwa sababu mimi nilinyamaza.

Sikusoma sana. Niliishia darasa la nane, nikaja Nairobi kumfuata. Kwetu ni Kitui, yeye akiwa wa kwanza kwa mama na mimi wa nne. Yeye aliishi Kawangware, upande unaopakana na Riruta, akawa dereva. Mimi niliishi Kibera, Laini Saba, nikajifunza kuchomelea vyuma. Mpaka leo natengeneza milango na madirisha kando ya reli.

Pikapu yake ya kwanza ilikuwa ya petroli. Alikuwa akiiegesha pale karibu na soko la Kawangware, mahali ambapo pikapu za kukodi hupangwa pua zikitazama barabara, na madereva hukaa kwenye benchi wakimngoja mtu anayehama nyumba, au mtu wa saruji, au mtu wa mbao. Kwenye benchi hilo ubishi wa petroli na dizeli hauishi. Nilikuwa nikifika pale kumwona, nakaa, nasikiliza.

"Buda, hiyo dizeli yako asubuhi inakohoa mpaka majirani wanataka kuiletea uji."

"Wacha ikohoe. Tukifika mlimani, yako itakuwa imelala kando ya barabara ikiita mama."

"Yangu nikigusa ufunguo tu, imeamka. Yako lazima uisalimie kwanza, uiulize imelalaje."

"Na nyumba ya vyumba vitatu utaihamisha kwa safari ngapi na hiyo sufuria? Mimi nabeba mara moja, na mke wa mtu amekaa juu ya sofa."

Wanacheka, wanapigana viganja, kesho wanaanza tena. Kaka yangu hakuwa mtu wa kushikilia upande. Ukimuuliza, alikuuliza kwanza unabeba nini na unaenda wapi. Kama ni kitanda na jiko kutoka Kawangware hadi Uthiru, alisema, petroli inatosha: ni nyepesi, haina kelele, ikiharibika fundi yeyote wa kando ya barabara anafuta plagi, anasafisha kabureta, unaenda zako. Lakini kama ni tani na zaidi, na njia ni ndefu na ina vilima, petroli itakubeba huku ikijiumiza. "Petroli inabeba kwa kukimbia," aliniambia. "Dizeli inabeba kwa kutembea." Alinionyesha kwa mikono jinsi dereva wa petroli anavyolazimika kurudi gia ya pili, ya kwanza, injini ikipiga kelele juu kabisa, ilhali mwenzake wa dizeli anapanda na gia ya tatu, polepole, kama mama aliyebeba maji na hataki yamwagike.

Yeye njia yake ilikuwa ndefu na ya vilima. Alikuwa akimjengea mama nyumba Kitui. Alipeleka mabati, saruji, nondo, akarudi na magunia ya ndengu ya kuuza Kawangware. Ile petroli ilimtesa kwenye milima ya Machakos. Nilisafiri naye mara kadhaa, na kazi yangu ilikuwa kuruka chini na kuweka jiwe nyuma ya gurudumu injini ikichemka. Akaiuza. Akangoja karibu mwaka mzima akiendesha magari ya watu, kisha akanunua pikapu kubwa ya dizeli, ile ya kazi nzito, ambayo springi zake za nyuma zilikuwa zimeongezwa majani mawili.

Sijawahi kumwona mtu akikitunza kitu hivyo. Asubuhi aliwasha, akaiacha ingurume mpaka ipate joto, hata kama mteja anasimama akitazama saa. Jioni hakuizima ghafla. Na alikuwa na masharti ya mafuta. Dizeli iingie kwenye tangi kutoka mdomo wa pampu ya kituo, si kutoka kwa chombo chochote kingine. Tangi lisishuke chini ya nusu. Kila Jumamosi alilegeza kizibo kidogo chini ya filta, akakinga matone kwenye kiganja, akayatazama, akayanusa, akafunga.

"Unatafuta nini?" nilimuuliza.

"Maji. Petroli ikinywa maji kidogo inakohoa, inakusamehe. Hii haisamehe. Pampu yake na nozeli zake za kunyunyiza mafuta zimekazana hivi," akakutanisha kucha mbili, "na kinachozilainisha ni hiyo dizeli yenyewe. Ikipita maji hapo, ni chuma kwa chuma."

Alinieleza hivyo kwa mdomo wake. Siwezi kusema sikujua.

Sasa lazima niseme jinsi sisi wa Laini Saba tunavyonunua vitu. Tunanunua kadogo. Mafuta ya kupikia unapimiwa ya chakula cha leo. Sukari ya chai ya leo. Sabuni inakatwa kipande. Sioni aibu kwa hilo, ndivyo tunavyoishi. Na mimi jenereta yangu ya kuchomelea, ambayo ni ya petroli, niliilisha hivyo hivyo kwa miaka. Umeme ukipotea, naokota mtungi wowote ulio karibu, nakwenda kituoni, naweka petroli kidogo, narudi. Mtungi uliokuwa na maji asubuhi unaukung'uta, unaupuliza, unautia mafuta mchana. Ile jenereta haikuwahi kulalamika. Ilikohoa, ikaendelea. Kwa hiyo mkono wangu ulikuwa umezoea.

Siku hiyo nilimwomba pikapu nipeleke milango sita ya chuma kwa mtu wa mtaa wa Nyayo Highrise. Alinipa bila maneno mengi. "Usinirudishie ikiwa chini ya nusu," alisema, na akaniambia kwamba keshokutwa tunaondoka na mabati ya mwisho ya mama, na mimi nijiandae kwenda kufunga mlango wa mbele.

Nilipeleka milango, nikarudi, nikaegesha juu, mahali ambapo gari linaweza kufika karibu na karakana yangu. Mshale wa mafuta ulikuwa umeshuka kidogo chini ya nusu. Barabara ilikuwa imefungana magari, na kulikuwa na mteja aliyekuja kuulizia dirisha lake. Ningeweza kungoja barabara ifunguke niipeleke pikapu mpaka kituoni, kama alivyotaka. Badala yake niliokota mtungi. Maji yake tulikuwa tumeyatumia asubuhi kupoza vyuma. Niliugeuza, nikautikisa mara mbili, nikaenda kwa miguu, nikatiliwa dizeli.

Niliporudi niliushika mtungi juani, nao ulikuwa mweupe, ukionyesha ndani. Nikaona chini kabisa kitu kinatembea, kinajikusanya na kuteleza pembeni kama kiini cha yai. Nilijua ni maji. Nilisimama pale, labda muda wa kuhesabu hadi kumi. Ningeweza kumimina pole pole na kuacha ile ya chini. Ningeweza kuimwaga yote. Nilifikiri: ni kidogo tu. Nikamimina yote, na mwishoni nikauinua mtungi juu ili usibaki na kitu, kama tunavyofanya na mafuta ya kupikia.

Jioni alikuja kuichukua. Akawasha, akatazama mshale.

"Umeweka wapi?"

"Pale kituoni."

Jibu hilo lilikuwa kweli, ndiyo sababu lilinitoka kirahisi hivyo.

Tuliondoka asubuhi ya Jumapili, mabati yamefungwa kwa kamba, mlango wa mama juu yake umefunikwa gunia. Jumamosi alikuwa ameshinda akitafuta mabati yanayolingana rangi na yale ya kwanza, na kizibo cha filta hakukigusa. Alikumbuka hilo baadaye, na ndilo lililomla.

Mpaka Machakos tulikwenda vizuri. Alikuwa na furaha. Aliniambia atakachosema mama akiona rangi ya mabati, akaigiza sauti yake, nikacheka. Kwenye mwinuko wa kwanza mkubwa injini ikaanza kupoteza nguvu. Akarudi gia. Ikapoteza tena. Nyuma ukatoka moshi mweupe, kisha mlio wa kugonga, kama nyundo yangu mwenyewe juu ya fuawe. Alikuwa katikati ya mlima na mzigo, gari kubwa likiwa nyuma yetu linapiga honi, na mahali pa kuegesha palikuwa mbele kidogo. Akaisukuma ifike pale. Ikafika, ikazima, na haikuwaka tena.

Alishuka, akafungua boneti, akalegeza kile kizibo, akakinga kiganja. Akasugua vidole. Akanusa. Akaniletea mkono karibu na uso.

"Ona. Maji."

Nilitazama mkono wake.

"Jana ilikuwa Jumamosi," alisema. "Sikuifungua hii. Mwaka na nusu sijaruka hata Jumamosi moja, na jana nimeruka."

Na hapo, badala ya kusema, niliongeza ubaya. Nilimwambia, "Labda ni wale wa kituoni wametuuzia mafuta machafu."

"Usimsingizie mtu ambaye hukumwona akikosea," alijibu. "Mwenye gari ni mimi. Kuangalia ni kazi yangu."

Tulihamisha mabati kwenye lori la mtu aliyekuwa akienda Kitui, mimi nikaenda nayo. Yeye alirudi Nairobi akivutwa kwa mnyororo. Nilifunga mlango wa mama siku hiyo na ule mlango umekaa sawa mpaka leo. Mama aliuliza mbona kaka hakuja, nikamwambia gari limeharibika. Akaniuliza limeharibika nini, nikasema mambo ya injini.

Fundi wa Kawangware aliifungua pampu ikiwa imeshikana ndani, na nozeli moja ilikuwa imepasuka ncha, ikamwaga dizeli mpaka pistoni ikatoboka. Nilikuwepo. Fundi aliuliza, "Nani alikuwa ameweka mafuta?" Kaka yangu aliinua mkono kama mwanafunzi. "Mwenye gari ni mimi, na filta sikuifungua." Fundi akatingisha kichwa. Madereva wawili wa benchi walikuwa wamesimama pale, na habari ikafika kwenye benchi kabla yetu.

Tangu hapo pikapu ilikaa uani kwake, imefunikwa turubai. Yeye akaajiriwa kuendesha pikapu ya mtu mwingine, ya petroli. Aliirudia petroli kimyakimya, bila kuilaumu. Lakini benchi halikumwacha.

"Mzee wa dizeli! Leo umechota mitungi mingapi ya maji?"

"Miwili," angejibu. "Mmoja wako."

"Jamani, huyu ndiye alikuwa anatufundisha kunusa filta."

"Nimewafundisha kunusa. Kunywa mlijifunza wenyewe."

Wote wangecheka, na yeye angecheka nao. Nilikuwa nakaa pale na chapati yangu mkononi, nasikia. Mtu asiyemjua angedhani hayamgusi. Mimi nilimjua. Alikuwa dereva ambaye watu walimkabidhi vitu vya nyumba nzima, televisheni, vyombo vya harusi, wakatangulia mbele bila wasiwasi. Jina lake la uangalifu ndilo alilokuwa nalo mjini hapa, na nililiona likipungua kidogo kidogo, mzaha kwa mzaha. Baadhi ya wateja wakaanza kumruka na kumwita mwingine.

Nilijaribu kusema mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa Jumapili moja baada ya kanisa, nyumbani kwake, tukingoja chakula. Nilianza, "Kuhusu ile injini," akanikatiza. "Wacha ile maneno, kijana, tutakula vibaya." Nikaacha. Nilifurahi kwamba amenikatiza. Hiyo ni kweli pia, na inanichoma kuliko mengine.

Mara ya pili alikuwa hospitalini. Mapafu yalikuwa yamemshika, yakakataa kumwachia. Niliketi karibu naye mchana, wakati wa wageni. Niliamua kwamba siondoki kabla sijasema. Akaanza yeye.

"Siku moja utanunua yako," alisema. "Utachoka kuazima. Ukichukua dizeli, usiruke filta. Hata kama una haraka ya namna gani. Unaona iliyonipata."

Alikuwa akinifundisha. Alikuwa akitumia pumzi zile chache kunikinga na kosa ambalo hakulifanya. Nilifungua mdomo, nikasema, "Sawa, nimesikia." Nikamwinua mto. Kengele ya wageni ikalia. Siku ya nne yake tuliitwa.

Tulimzika Kitui, nyuma ya nyumba yenye mabati aliyoyachagua. Dereva mmoja wa benchi alisimama kusema machache, akamsifu vizuri, kisha akasema kwa upendo kabisa kwamba marehemu alikuwa mtu wa makini, "na hata mtu wa makini kuna Jumamosi anapitiwa." Watu walitabasamu huku wakilia. Nilikuwa nimeshika sepetu. Ningeweza kusema pale. Nilichota udongo.

Miezi ikapita. Mwaka huu mke wake, shemeji yangu, aliniita kwake Kawangware. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda na ungo wa ndengu, anachagua mawe.

"Shemeji, hiyo gari nataka ifanye kazi," alisema. "Imekaa vya kutosha. Nimeambiwa injini za kutoka Japani zinapatikana. Wanaume wa pale sokoni wananiambia niweke petroli. Wanasema dizeli haitaki mchezo, na kama hata bwana yangu ilimshinda, mimi na dereva wa kuajiri tutaiweza wapi? Wewe ulikuwa unasafiri naye. Unasemaje?"

Hapo ndipo nilipoona kwamba kimya changu hakikuzikwa naye. Kilikuwa kimekaa uani chini ya turubai na sasa kinataka kumchagulia mjane injini.

Nilimwambia. Nilianza na mtungi na nikamaliza na hospitali. Nilimwambia na ile sehemu ya kuona maji yakitembea chini. Hakuacha kuchagua ndengu mpaka nilipofika hapo.

"Ulijua siku hiyo hiyo?"

"Nilijua."

"Na ukaja kula hapa kila Jumapili."

"Nilikuja."

Akapepeta ungo mara moja, akautua chini. "Unajua Jumamosi alikuwa anaendelea kwenda kuifungua ile filta? Gari limekufa, halina injini ya kuwaka, na yeye anaingia chini ya turubai anafungua kizibo. Nilimwambia unajitesa bure. Akaniambia anataka mkono usisahau tena." Alinitazama. "Ilikuwa mkono gani, shemeji?"

Niliomba msamaha, akasema hilo neno nilirudishe mfukoni kwanza. Hakupaza sauti.

"Nenda pale sokoni," alisema. "Sasa hivi, watu wakiwa wote. Ukawaambie wao kama ulivyoniambia mimi. Usipunguze."

Nilikwenda. Ilikuwa saa nane mchana, kazi hakuna, benchi limejaa. Walinisalimia, wakanisogezea nafasi. Nilikataa kukaa. Niliwaambia nikiwa nimesimama, tangu mtungi hadi hospitali. Mmoja alicheka mwanzoni akidhani nataka kuleta mzaha wa mitungi. Akaona hakuna anayecheka naye, akanyamaza.

Yule aliyezungumza siku ya mazishi alikuwa mwisho wa benchi. Aliniuliza, "Yeye alijua?"

"Hapana."

"Hukumwambia hata mara moja?"

"Hata mara moja."

Kisha akasema, "Sasa unatuambia sisi. Sisi tumwambie nani?"

Hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana. Mteja wa saruji alifika akauliza pikapu ya zamu ni ipi, na dereva wa zamu akainuka, na wengine wakaanza kuongea mambo yao kwa sauti ya chini, na mimi nikabaki nimesimama pale kama mzigo ambao hakuna aliyeulipia.

Shemeji aliweka dizeli. Kazi ya kuifunga ilichukua siku tano, na sikuitwa kusaidia hata kuchomelea vishikio vya injini, ingawa ni kazi yangu. Pikapu inafanya safari za Kitui sasa, na dereva wake ni yule wa mwisho wa benchi, ambaye aliacha gari la tajiri wake ili aendeshe hilo. Nimesikia kwamba mteja akiuliza habari za injini ya kwanza, anaambiwa iliharibiwa na ndugu wa mwenyewe. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na nashukuru inasemwa.

Lakini kaka yangu hakuisikia. Watu wote wa Kawangware sasa wanajua, na mama anajua, kwa kuwa nilikwenda nikamwambia pia. Amebaki yule mmoja ambaye habari hii ilikuwa yake. Milango yangu ya Nyayo Highrise naipeleka kwa mkokoteni, nikiusukuma mwenyewe, na njiani ninayo nafasi ya kutosha ya kuyapanga maneno ambayo yangechukua dakika moja kuyasema kando ya mlima ule, wakati kiganja chake kilikuwa bado kimelowa.